Unyumba Baada ya Miaka Hamsini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wake zao, katika bwalo la shule, siku ya pili ya mkutano wa mwaka.)



Katibu wetu aliponiandikia aliomba nizungumze juu ya afya ya mzee. Nikamjibu kwamba hotuba ya namna hiyo mmekwisha kuisikia mwaka jana na mwaka juzi: punguzeni chumvi, tembeeni kwa miguu, pimeni presha. Nikamwambia afadhali nizungumze juu ya jambo ambalo wagonjwa huniuliza wakiwa wamekwisha kusimama waondoke, mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango. "Daktari, na lile jambo lingine je?" Katibu alikaa kimya siku tatu. Halafu akajibu kwamba ni sawa, ila iwe baada ya chakula, na watoto wawe wamepelekwa kutazama mpira. Nasikia vifijo kutoka uwanjani, kwa hiyo nadhani tuko salama.

Nitatumia neno unyumba, kwa kuwa ni neno la heshima na kila mtu hapa analielewa. Lakini pale ambapo hapana budi kutaja kiungo kwa jina lake, nitakitaja. Mimi ni daktari, na ninyi ni watu wazima wenye wajukuu.

Sisi tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1972 tulifundishwa uzazi wa panzi, uzazi wa chura, na kama muhula ulikuwa mrefu, uzazi wa sungura. Kengele ililia kabla ya kufika kwa binadamu. Baadhi yetu tulikuwa tumepita jandoni, na huko tulifundishwa kuvumilia maumivu na kuwaheshimu wakubwa. Dada zetu walikuwa na bahati zaidi kidogo. Mwari wa pwani alikuwa na kungwi wake. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini kwao alijulikana vile vile kwa ngoma ya unyago. Hata hivyo mafunzo hayo mara nyingi yalimtayarisha mke amridhishe mume. Mume naye ni nani aliyemfundisha kumridhisha mke? Wengi wetu tulifundishwa na wenzetu wa bwenini, ambao nao walikuwa hawajui kitu.

Kwa hiyo naanza na upande wa wanawake, maana hao ndio waliosahauliwa.

Kiungo kikuu cha raha ya mwanamke ni kinembe. Si uke, kama tulivyodhani bwenini. Mwaka 1998 daktari mpasuaji wa Australia, Helen O'Connell, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba ile punje inayoonekana nje ni ncha tu. Sehemu kubwa imezama ndani, ina mwili na miguu miwili inayoukumbatia uke na njia ya mkojo kutoka pande mbili. Fikirini jambo hilo: binadamu alikwisha kutembea mwezini miaka 29 kabla ya mtu kuketi akakipima vizuri kiungo ambacho nusu ya wanadamu wanacho.

Hesabu zake nazo zinafundisha. Katika utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2017, wanawake zaidi ya 1,000 waliulizwa. Ni kama 18 tu katika kila 100 waliosema kuingiliwa peke yake kunatosha kuwafikisha kileleni. Wengi waliobaki walisema kwamba ama hawafiki bila kinembe kuguswa, ama kikiguswa raha huzidi. Utafiti mwingine wa huko huko, wa watu zaidi ya 52,000, ulionyesha kwamba wanaume 95 katika kila 100 hufika mara nyingi au kila mara wanapokutana na mwanamke. Wanawake wanaokutana na wanaume ni 65. Najua mtasema hao ni Wamarekani. Lakini kinembe cha Mmarekani na cha Mgogo ni kimoja, na sina sababu ya kuamini kwamba sisi tunawashinda waume wa huko kwa subira.

Wala tusidhani kwamba elimu hii imeletwa kwa meli. Wahaya wa Kagera wana katerero. (Naona meza ya tatu wananyoosha shingo.) Wanyarwanda na Warundi huita kunyaza. Ni ufundi wa mwanamume kutokuwa na haraka ya kuingia, bali kutumia uume wake kugusagusa na kupapasa sehemu za nje, kinembe na kandokando yake, kwa mwendo wa taratibu na kwa muda, mpaka mwenzake awe amelowa na yuko tayari. Daktari mmoja Mnyarwanda aliyeishi Ujerumani, Nsekuye Bizimana, aliutungia kitabu kwa Kifaransa mwaka 2008. Kwa watu wa umri wetu ufundi huo una faida ya ziada, nayo ni kwamba hautaki uume uliosimama kama mlingoti wa bendera. Mkono nao unafaa. Mwanamume anayedhani kwamba mkono ni kushindwa anajinyima bure.

Sasa nije kwetu wanaume, na hapa nitakaa kidogo.

Miaka michache iliyopita alikuja kwangu bwana mmoja wa miaka 58. Hakusoma shule hii, kwa hiyo acheni kutazamana. Alikuja kwa ajili ya macho. Alisema anaona ukungu na anataka barua ya kwenda kupimwa miwani. Nikamuuliza habari za usiku. Akasema anaamka mara nne kukojoa, tena ana kiu. Nikamuuliza mama je, yeye halalamiki kwa kuamshwa? Akasema hapana, kwa sababu yeye siku hizi hulala chumba cha kijana wao aliyekwisha kuoa. Godoro la chumbani linamuumiza mgongo. Tangu lini? Miezi 14.

Basi kidogo kidogo yakatoka. Godoro halikuwa na kosa. Uume ulikuwa umeanza kulegea, akashindwa mara mbili, mara ya tatu akaogopa kujaribu, na tangu hapo akawa anatafuta sababu. Mkewe, waliyeishi naye miaka 30, alifanya hesabu ambayo mwanamke yeyote angefanya. Mume hanitaki, kwa hiyo yuko anayemtaka. Akaanza kuchunguza simu, akaanza kunusa mashati, mwisho akapiga mbiu kwa ndugu. Kikao cha ukoo kilikuwa kimepangwa kijijini mwezi uliofuata kujadili habari ya nyumba ndogo. Na huyu bwana alikuwa amekubali kwenda kuketi mbele ya shemeji zake na kulaumiwa kwa uzinzi ambao hakuufanya. Nilimuuliza kwa nini hakusema kweli. Akaniambia, "Daktari, afadhali niitwe mzinzi."

Nilimpima sukari, ikawa 19. Alikuwa mgonjwa wa kisukari, pengine kwa miaka, na hakuna aliyejua.

Nilimwomba arudi na mkewe, akarudi naye baada ya wiki. Niliwaeleza wote wawili jinsi sukari inavyoharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, ya macho, ya miguu, na ya uume pia. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mumewe akamwuliza, "Kwa hiyo hukuwa na mtu?" Akajibu, "Sikuwa na mtu." Mama akacheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Mimi nikatoka kwenda kutafuta faili ambalo lilikuwa pale pale mezani. Kikao cha ukoo kilivunjwa. Mbuzi alikuwa amekwisha kununuliwa, kwa hiyo aliliwa vile vile.

Nimewasimulia hayo kwa sababu jambo lenyewe ni la kawaida mno. Katika wanaume wenye kisukari, yapata nusu yao hupatwa na upungufu huo wa nguvu. Kusimama kwa uume ni kazi ya damu. Ashiki ikiamka, mishipa ya fahamu hutoa oksidi ya nitriki, mishipa ya damu hulegea na kupanuka, damu huingia kwa wingi na kuzuiwa isitoke. Mshipa wa damu wa uume una upana wa milimita 1 hadi 2 tu. Ule wa moyo una milimita 3 hadi 4. Kwa hiyo mafuta, sukari, presha na sigara vikianza kuziba mabomba, bomba jembamba hulalamika kwanza. Aghalabu uume hulegea miaka kadhaa kabla ya kifua kuuma. Mwanamume wa miaka hamsini anayeona mabadiliko hayo na asiende kupimwa moyo, presha na sukari, amepewa onyo akalifungia kabatini.

Kuna kipimo cha nyumbani kisichotaka mashine. Ukiamka alfajiri na uume umesimama kama zamani, lakini usiku mbele ya mkeo unakataa, yaelekea mishipa ni mizima na shida iko moyoni: wasiwasi, madeni, ugomvi, hofu ya kushindwa tena. Kama hata alfajiri hakuna kitu, basi tutazame damu na dawa unazomeza. Baadhi ya dawa za presha, hasa zile za zamani, huleta upungufu huo. Msiziache wenyewe! Presha huua. Mwambieni daktari wenu wazi, mara nyingi ziko nyingine za kubadilishia.

Habari ya vidonge mnaisubiri, naijua. Sildenafili, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Viagra, iliidhinishwa Marekani mwezi wa Machi mwaka 1998. Watafiti wa Sandwich, kule Uingereza, walikuwa wanaijaribu kwa maumivu ya moyo. Ndipo wanaume waliojitolea wakaeleza kwamba kuna sehemu nyingine inayopata nafuu. Ni dawa nzuri kwa anayeifaa. Humezwa yapata saa moja kabla, na chakula chenye mafuta mengi huichelewesha, kwa hiyo asiyeona matokeo baada ya pilau la leo asilaumu dawa. Haileti ashiki, ashiki mlete wenyewe. Lakini sikilizeni vizuri. Mtu anayetumia nitrati, zile dawa za kifua zikiwemo vidonge vya kuweka chini ya ulimi, haruhusiwi kabisa kuigusa. Vikikutana viwili hivyo presha huanguka ghafla na mtu anaweza kufa. Na kama umeimeza, kisha kifua kikakubana na ukapelekwa hospitali, mwambie muuguzi umemeza nini na saa ngapi, hata kama muuguzi huyo ni binti wa jirani yako. Sildenafili husubiriwa saa 24 kabla ya nitrati kutolewa, tadalafili siku mbili.

Zile unga na chupa za mitaani, vumbi la Kongo na jamaa zake, mimi siziungi mkono. Dawa za namna hiyo zimepimwa katika nchi nyingi na kukutwa zimechanganywa sildenafili kwa siri, bila kipimo. Mgonjwa wa moyo anameza akidhani ni mizizi. Ama supu ya pweza ni chakula kizuri. Mimi mwenyewe nainywa jioni pale ufukweni, lakini nainywa kwa njaa.

Tezi dume nitaipita haraka, kwa kuwa tuliizungumza mwaka juzi. Baada ya baadhi ya dawa na upasuaji wake shahawa huweza kutotoka nje tena, na raha ikabaki. Msishtuke.

Mashemeji, sasa ni zamu yenu. Hedhi hukoma kwa kawaida karibu na miaka hamsini, na homoni ya estrojeni ikipungua, ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu. Kuingiliwa huuma. Mwanamke anaanza kukwepa, mume anadhani hapendwi, na hapo tena tunarudi kwenye kikao cha ukoo. Ukavu huo si kukosa mapenzi, wala si mwisho wa ashiki. Kuna vilainishi vya maji vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa. Mafuta ya nazi safi nayo husaidia, ila yasitumike pamoja na kondomu, maana mafuta huilegeza ikapasuka. Ikizidi kuuma, kuna krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni kwa kiasi kidogo, ambayo daktari anaweza kuiandika baada ya kukuchunguza. Nawaomba sana wanaoweka majani au unga ili pabane na pakauke waache. Huko ni kujichubua na kukaribisha magonjwa. Na bwana anayesifu ukavu ajue anasifu maumivu ya mkewe.

Wako pia akina mama walioketwa wakiwa wasichana. Waliokatwa huambiwa kwamba kwao raha imekwisha. Si kweli kwa wote. Sehemu kubwa ya kinembe, kama nilivyosema, iko ndani na hubaki. Kwao subira na upole wa mume ndiyo dawa ya kwanza, na penye kovu linalouma kuna madaktari wa kuliangalia.

Muda gani unatosha? Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya wapenzi 500 wa nchi tano, Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani. Wanawake walipewa saa ya kupimia mbio. Kipimo cha katikati, tangu kuingia hadi mume kumaliza, kilikuwa dakika 5.4. Nusu ya mabwana walikuwa chini ya hapo. Zile habari za usiku kucha mnazosikia kilabuni zichukueni kama habari za samaki aliyemponyoka mvuvi. Anayemaliza mapema mno kwa kiasi cha kumsikitisha anaweza kujizoeza njia aliyoieleza daktari Mmarekani James Semans mwaka 1956: kuchezewa mpaka karibu, kuacha, kutulia, kuanza tena. Huchukua majuma kadhaa na hutaka mke aliye rafiki.

Na mara ngapi? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, wa Wamarekani zaidi ya 30,000, uliona kwamba wenye ndoa wanaokutana mara moja kwa wiki huwa na furaha kuliko wanaokutana kwa nadra, lakini kuzidi hapo hakukuongeza furaha. Wako wanaotosheka na chini ya hapo, na ni halali yao. Muhimu ni kwamba wawe wamekubaliana wote wawili. Mke akisema leo sitaki, jibu ni usiku mwema.

Kwa wale ambao pameingia baridi ya muda mrefu, nawapeni zoezi la William Masters na Virginia Johnson, waliolieleza mwaka 1970. Kwa siku kadhaa kuingiliana ni marufuku. Mnalala pamoja na kugusana kwa zamu, mgongo, mabega, miguu, mikono. Sehemu za siri zinaachwa kwanza. Anayeguswa kazi yake ni kusema hapa vizuri, hapa taratibu. Kwa kuwa hakuna mtihani, hakuna kufeli. Yule bwana wa godoro nilimpa zoezi hili pamoja na dawa za sukari. Nguvu zake hazikurudi kama za kijana, lakini alirudi chumbani kwake, na mama aliponiona baadaye hakulalamika.

Mtaniambia mambo hayo ni ya wenye nyumba kubwa. Najua. Nyumba nyingi hazina dari, na kikohozi cha chumba kimoja husikika vyumba vyote. Tena mjukuu analala katikati ya babu na bibi. Wajukuu ni baraka, lakini mjukuu wa miaka sita ana uwezo wa kulala kitanda chake. Nunueni komeo. Washeni redio. Na kwa umri wetu saa nne asubuhi, watoto wakiwa shule, ni wakati bora kuliko usiku wa manane: mwili umepumzika na dawa zimekwisha kumezwa.

Mazungumzo yenyewe yasifanyiwe kitandani mara baada ya kushindwa, wala katikati ya ugomvi. Yafanyeni mkitembea kwenda shamba, mtu akitazama njia, si uso wa mwenzake. Watu wa pwani waliweka lugha nzima kwa ajili ya wasioweza kusema kwa kinywa: ushanga, asmini, khanga iliyochaguliwa, udi wa jioni. Bibi akifukiza udi amekwisha kusema. Bwana asije akatoka sebuleni akauliza kuna nini kinaungua.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Kesho asubuhi kuanzia saa moja nitakuwa zahanati ya shule pamoja na muuguzi, na mashine ya presha na vijiti vya sukari vya kutosha. Mlango wa nyuma utakuwa wazi kwa wasiopenda kupita mbele ya bwalo. Njooni wawili wawili, na atakayetaka kupimwa sukari asinywe chai kwanza.